Miiba Iliyozikwa Majivuni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitika kama anaumwa jino? Na wakubwa nao waitike, hadithi si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo kale, kale kabisa, alikuwepo Bi Nungu, nungunungu mjane. Aliishi na binti yake mmoja, Kimiba, kwenye shimo kando ya mto. Walikuwa maskini. Si maskini wa mdomoni. Maskini wa kulamba chungu kilichokwisha kulambwa.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Mahindi yakafa. Viazi vikafa. Mzee Tembo, mwenye shamba kubwa la muhogo, akaona huruma. Kila asubuhi alisimama mlangoni pake akagawa. Wewe kipande, na wewe kipande. Bi Nungu akapanga foleni na wenzake. Akala, akashukuru. Kesho yake akapanga tena. Akala, akashukuru. Hata asubuhi moja Mzee Tembo akatoka na mkonga mtupu. Akawaambia, machozi yakimlengalenga, kwamba muhogo umekwisha, na yeye mwenyewe anahama kutafuta maji.

Njaa ikaingia, na nyuma yake akaja Fisi. Amejipaka mafuta, amevaa kanzu. Akamwambia Bi Nungu kwa sauti laini kwamba ampe Kimiba akamlee. Kwake kuna kitanda, kuna nyama, mtoto atanenepa.

Atanenepa ili iweje? Nyinyi mnajua, na Bi Nungu alijua. Lakini alimtazama Kimiba, mbavu zinahesabika, akashindwa kukataa. Akamwomba Fisi asubiri mpaka siku ya gulio. Fisi akacheka, akasema yeye ana subira sana.

Bi Nungu akawa anatembea kando ya mto, analia, na miiba yake inalia naye. Kwacha kwacha, kwacha kwacha. Njaa ilikuwa imemlegeza mwili, mwiba mmoja uliokwisha kukauka ukadondoka, tii.

Sasa sikilizeni mila ya nungunungu wa siku zile. Mwiba wako ukidondoka, wewe umekufa kidogo. Huuachi njiani. Unauzika kwenye majivu, mchwa wasiufikie, na unaulilia. Kila ukoo ulikuwa na lundo lake la majivu, na humo ilikuwemo miiba ya mama, na ya bibi, na ya mama yake bibi. Basi Bi Nungu akauzika mwiba wake kwenye lundo la kwao, nje ya shimo, akauombolezea.

Juu ya mti hapo karibu alikuwa ametua Bi Mnana, yule ndege msusi wa mikeka na vikapu. Kazi yake ilisifiwa gulio zima, ila mdomo ulikuwa umechakaa kwa kutoboa ukili mgumu wa mikeka. Akashuka, prrr. Akatoa pole kwanza, maana ana adabu zake. Kisha akauliza kama anaweza kuuziwa ule mwiba.

Bi Nungu akang'aka. "Huo ni mwili wangu. Sisi hatuuzi maiti."

"Nisamehe, dada," akasema Bi Mnana. "Wewe umeona maiti. Mimi nimeona shazia la kushonea mkeka."

Akaomba auazime tu, ashone mbele ya macho yake. Bi Nungu akasitasita, akaufukua. Bi Mnana akautoboa tundu, akapitisha uzi. Chomeka, vuta. Chomeka, vuta. Kikapu kinachomchukua kutwa nzima kikaisha jua halijawa kali. Akamwambia Bi Nungu amletee mingine kwake, yeye atalipa mtama, na wasusi wenzake nao wataitaka.

Bi Nungu akakimbilia shimoni. Akajing'oa miiba mgongoni. Puku, mmoja. Puku, mwingine. Akaipeleka inachuruzika damu. Bi Mnana akajaribu mmoja, ukapinda. Akajaribu wa pili, ukapinda. Akamrudishia yote.

"Hii sichukui," akasema. "Ni mibichi, haishoni. Na ukiimaliza mgongoni, Fisi akija utajikinga na nini? Mimi nanunua iliyodondoka yenyewe ikakauka."

Jamani, Bi Nungu alikasirika. Alisema moyoni kwamba Mzee Tembo hakuwahi kumrudisha mtu. Akaondoka mgongo unawaka moto, na gulio ni kesho. Alipofika kwake akasimama mbele ya lundo la majivu. Miiba iliyodondoka yenyewe ikakauka ilikuwa humo. Ilikuwa ya mama yake.

Akakaa chini akalia. Hakuna aliyewahi kufukua ya wazee. Kimiba akatoka shimoni, akauliza mama analilia nini. Bi Nungu akamtazama mtoto, akatia mikono majivuni. Akatoa mwiba mrefu, mgumu kama mfupa. Akaukumbatia.

"Mama," akasema, "nisamehe nimekuamsha. Mjukuu wako ana njaa."

Radi haikupiga. Ardhi haikupasuka. Akatoa mwingine, na mwingine, na kila mmoja akauambia asante.

Siku ya gulio Bi Mnana akaijaribu, haikupinda. Hakumwongezea kwa kumhurumia, wala hakumpunja. Alimpimia mtama wa haki, akamwagiza alete tena gulio lijalo. Wasusi wengine nao wakasogea. Bi Nungu akarudi na mzigo kichwani, anacheka peke yake njiani.

Fisi alipokuja na kanzu yake alikuta uji unatokota, tok tok tok, na Kimiba amekaa anapangusa miiba. Akaulizia mtoto wake wa kulea.

"Mtoto ana kazi," akasema Bi Nungu, "na ameshakula." Akamgeuzia mgongo, akaitingisha ile miiba iliyobaki, kwacha kwacha. Fisi akakumbuka ana safari.

Tangu hapo nungunungu wakairekebisha mila yao. Mwiba ukidondoka, bado wanauweka majivuni, bado wanaulilia kidogo. Ila ukishakauka wanautoa, wanamshukuru mwenye mwiba kwa jina, wanaupeleka gulioni.

Mvua iliporudi, Mzee Tembo naye akarudi, amekonda. Akaona haya, akaomba radhi kwamba alimwacha mjane na njaa. Bi Nungu akamtandikia mkeka mpya, akamkaribisha uji.

"Mzee wangu," akasema, "bila muhogo wako, Bi Mnana angekuta nimeshakufa. Wewe uliniweka hai, yeye akanipa soko, na marehemu mama akanipa mtaji. Nyote watatu nawashukuru."

Mzee Tembo akanywa uji huku analia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mkonga.

Mafunzo yake ni haya. Maskini mwenye njaa mpe chakula leo, wala usimsimange. Lakini usiishie hapo. Muulize ana nini mkononi, mwambie ukweli kuhusu kazi yake, kisha ununue kwa bei ya haki. Nawe uliyeinuliwa, usimsahau hata mmoja aliyekushika mkono.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mkeka wa Bi Nungu. Aliyeipenda aikunje aende nayo kwao.