Nani Alimfaulisha Chausiku?

Kaeni vizuri, na anayetaka kugomba angoje nimalize, maana kisa hiki hugombanisha watu.

Chausiku alisomea malezi ya watoto wadogo, na mtihani wa ukuaji wa mtoto ulikuwa umeshamwangusha mara mbili. Akianguka tena, anafukuzwa chuo. Alipanga nyumba moja na wenzake watatu waliokwisha kuhitimu lakini hawajapata kazi: Zuhura mwenye sauti, Mwanahawa mwenye mtoto mchanga, na Tausi mwenye ulimi mkali.

Zuhura alichoka kumsikia akikariri kwa kubabaika. Akazichukua hatua zote za ukuaji, kuanzia kukaza shingo hadi kutembea, akazitungia wimbo. Wakauimba wakifua na wakipika, hata majirani wakaushika.

Mwanahawa akamkabidhi mwanawe. "Mbebe, mlishe, mwangalie. Kitabu hakilii." Mwaka mzima Chausiku alimtazama akikaza shingo, akikaa, kisha, kinyume cha wimbo, akiruka hatua ya kutambaa kabisa. Alijiburuza kwa makalio mpaka akasimama.

Tausi aliuliza tu. Kila asubuhi njiani: "Kwa nini? Una uhakika gani? Watoto wote, au huyo wa Mwanahawa tu?" Na jibu hatoi ng'o! Chausiku alimchukia, akalia, akarudi kutafuta mwenyewe.

Siku ya mtihani likaja swali: mama analalamika mwanawe hatambai, mshauri. Chausiku akaimba kimoyomoyo toka mwanzo, kwani katikati hakuweza kuanzia, akajua kutambaa kuko wapi. Akamkumbuka mtoto wa Mwanahawa, akajua wapo wanaoiruka hatua hiyo. Kisha "una uhakika gani?" ya Tausi ikamchoma, akaandika sababu, pamoja na dalili za kumpeleka mtoto kliniki.

Akawa wa kwanza. Akapewa darasa la chekechea la chuo alisimamie na, kwa desturi yao, amteue msaidizi mmoja wa kuajiriwa.

Nyumba ikawaka moto.

"Bila wimbo wangu ungeandika nini?" Zuhura alifoka.

"Wimbo uliokosea!" Mwanahawa akamkata. "Mwanangu ndiye aliyemfundisha."

"Mwanao alijiburuza tu," akasema Tausi. "Mimi ndiye niliyemfanya afikiri."

Chausiku akapandwa na hasira, akapiga meza. "Nilidhani mnanipenda! Kumbe mlikuwa mnangoja nifaulu mje mnidai!"

"Ndiyo, nakudai," alisema Mwanahawa, mtoto mgongoni. "Huyu atakula upendo?"

Hasira ikamzidi Chausiku, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli, na wale wengine wawili nao walikuwa na njaa ileile.

Asubuhi mkuu wa chuo akamwambia, "Jina moja, mwalimu. Na ni leo."

Haya, nyinyi mliokuwa mkitikisa vichwa! Msiniambie wagawane kazi, mkuu amesema mmoja. Mngekuwa Chausiku, mngemtaja nani? Na jioni mngeingia nyumbani kuwatazama wale wawili kwa macho gani?