Kwa Nini Ua la Alasiri Huficha Sumu Ardhini

Hebu fumbeni macho, watoto wangu, muuone uwanda ulio juu sana, juu kuliko mahali ambapo migomba inakubali kuota. Hakuna miti. Kuna nyasi fupi, ukungu unaotambaa, na udongo mweusi uliolowa hivi kwamba ukikanyaga, maji yanajikusanya kwenye unyayo wako. Baridi yake inauma masikio. Sasa katika nyasi hizo wekeni maua ya samawati, mengi mno, mpaka mtu akisimama mbali adhani kipande cha anga kimelala chini. Mmeyaona? Ndivyo uwanda ule ulivyokuwa zamani, na maua yale hayakuwa na saa ya kufumba. Yakishachanua yalibaki wazi usiku na mchana, mwezi mzima, ndipo yaliponyauka.

Chini ya kila ua palikuwa na tunguu, dogo kama yai la kware, limevikwa nyuzi ngumu za kahawia. Likichomwa kwenye majivu lilikuwa na unga na utamu kama kiazi. Watu wa uwandani walilila, ng'ombe wao walilila, hata fuko walilitafuna humo ardhini. Lakini palikuwa na utaratibu. Hakuna aliyechimba kabla ya ua kunyauka, kwa sababu tunguu huzaa watoto wake ua likiisha. Na kila mtu alichimba kwa kijiti kilichochongwa ncha, tunguu moja moja, kisha vile vitoto vilivyoshikamana na mama yao alivirudisha shimoni na kuvifukia kwa vidole.

Aliyetunza utaratibu huo alikuwa mwanamke mzee, Bibi Sekela. Yeye ndiye aliyetangaza siku ya kuchimba, na yeye ndiye aliyekula kwanza. Tunguu la kwanza la mwaka lilichomwa, akalila mbele ya watu wote, na wote wakakaa chini kusubiri mpaka jua lisogee kidogo ndipo nao wale. Mababu walikuwa wameacha desturi hiyo bila kusema ni ya nini. Hakuna aliyewahi kudhurika, kwa hiyo watu waliiona ni heshima tu kwa mzee.

Kisha ukaja mwaka wa mvua ya mawe. Ilipiga njegere zikiwa na maua, ikapiga ulezi ukiwa na masuke, na mwaka uliofuata ikarudi tena. Ng'ombe walikufa kwa baridi. Binti yake Sekela naye alikufa, akaacha mtoto wa kike wa miaka minne, jina lake Lugano. Bibi na mjukuu walitaniana kama ilivyo desturi, wakiitana mke mwenzangu. Lakini utani ulikuwa unapungua, maana mtoto alikuwa amevimba tumbo na nywele zake zimegeuka rangi ya nyasi kavu.

Maua yalikuwa na siku mbili tu tangu yachanue watu walipomjia Sekela. Mbele yao alikuwa Mbwilo, mhunzi, na kila mmoja alishika jembe la chuma ambalo Mbwilo alikuwa amelifua.

"Bibi, turuhusu tuchimbe," alisema.

"Bado. Tunguu halijazaa. Ukilitoa leo, mwaka kesho utachimba nini?"

"Mwaka kesho?" Mbwilo alicheka. "Wewe unatuona tutafika huko? Na hicho kijiti chako, bibi, mimi ningekichokolea meno, kama ningekuwa na kitu cha kunasa menoni."

Watu walicheka, kicheko kifupi cha wenye njaa. Sekela hakukasirika. Alikuwa anamtazama Lugano, aliyekaa kwenye nyasi akinyonya jani.

"Mke mwenzangu," mtoto aliuliza, "leo tunakula?"

Bibi Sekela alilitoa lile jani kinywani mwa mtoto. Halafu akasema, "Chimbeni. Lakini kwa vijiti."

Neno la kwanza walilisikia wote. Maneno yaliyofuata hayakumfikia mtu, kwa kuwa majembe yalikuwa yamekwisha kuinuliwa.

Kwa siku tatu waliugeuza uwanda juu chini. Jembe halichagui, lilikata matunguu makubwa na machanga pamoja, na vipande vilivyokatika vilikanyagwa topeni. Mvua iliponyesha, udongo haukuwa na mizizi ya kuushika, ukateremka mlimani pamoja na maji meusi. Watu walishiba kwa miezi miwili. Lugano alipona, akaanza tena kukimbia.

Mwaka uliofuata, katika uwanda wote, maua yalichipua mahali pamoja tu, kando ya chemchemi. Nayo hayakuwa kama zamani. Asubuhi yalikuwa yamefumba kama ngumi. Yalifunguka jua likishapita utosini, na kabla halijazama yalifumba tena na kunyauka. Wazee husema matunguu yale yalilala mwaka mzima katikati ya ndugu zao waliokatwa, yakinywa maji ya kuoza kwao, na kila yalichokunywa kikabaki ndani.

Njaa ilikuwa haijaisha. Watu walikuja tena, safari hii wamenyamaza. Alasiri ile ile maua yaliponyauka, Sekela alichimba tunguu moja kwa kijiti chake, akalichoma, akala nusu. Wakaona uso wake ukikunjamana.

"Vipi, mama?" Mbwilo aliuliza kwa sauti ndogo. "Tugawane?"

"Kaeni. Msubiri."

Lugano alinyoosha mkono kuchukua nusu iliyobaki. Bibi akaifunika kwa kiganja.

"Nipe, mke mwenzangu!"

"Sikupi. Hii ni yangu peke yangu."

"Mchoyo!" mtoto alilia, akipiga miguu chini. "Bibi mchoyo!"

Miguu ya Sekela ilikuwa tayari imekufa ganzi. Akamwita Mbwilo karibu. "Lifukie hili, mwanangu, na hayo mengine yaache huko huko chini. Usimpe mtu. Hata mbwa usimpe. Na huyu mtoto mbebe, mwondoke."

Alikufa jua likiwa bado halijagusa milima. Mbwilo alimzika kwa jembe lake, akaliacha pale pale juu ya udongo, akambeba Lugano mgongoni. Watu wote waliteremka kwenda kutafuta chakula mabondeni, na si wote waliofika. Lugano alifika, na alikua, lakini neno la mwisho alilomwambia bibi yake hakupata nafasi ya kulifuta.

Na tangu siku hiyo ua la alasiri hukaa juu kwenye baridi na unyevu, mbali na nyumba za watu. Hufunguka mchana ukiwa umepita na kufumba kabla ya machweo. Ng'ombe akilila hulegea miguu na kuanguka, kwa hiyo wachungaji huwazungusha mbali wakati wa maua, na hakuna mama anayelichimba hata nyumbani kukiwa na njaa.

Mkilikuta siku moja, wanangu, litazameni, kisha mliache. Mtasikia watu wakilitukana kwamba ni ua baya. Msibishane nao. Ninawaomba mkumbuke jambo moja tu: tunguu lile halikuzaliwa na sumu.