Pembe ya Semkiwa

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi na mtama chini ya kilima chenye nguruwe mwitu. Jina lake Mhina. Shamba hilo lilizungukwa na nyumba za watu wake, wajomba na binamu waliolima pamoja naye, na katikati yake palikuwa na dungu, kile kichanja kirefu cha miti ambacho mlinzi hukaa juu yake kutazama wanyama. Juu ya dungu alikaa Semkiwa, mdogo wake Mhina, na pembe yake ya ng'ombe.

Walikuwa na desturi yao. Nguruwe wakishuka, Semkiwa alipiga pembe. Mnyamisi, mke wa Mhina, ndiye aliyeshika ufunguo wa kihenge cha nafaka, na akiisikia pembe hakuuliza kitu; alifungua, akachota mtama, akapika uji mzito wa asali. Mwantumu, dada yao wa pekee, aliubeba uji ule mlango kwa mlango akibisha. Watu walifungua, wakanywa wima wima, wakakamata marungu na kutoka mbio. Nguvu yote ya uji iliishia miguuni mwao, katika kukimbia. Walirudi wakitoka jasho, wakicheka, wakaoga, wakalala fofofo. Pembe ilinyamaza na kihenge kikafungwa. Kwa miaka mingi desturi hiyo iliwalisha na kuwalinda, na sitaki mtu aniambie kwamba ilikuwa desturi ya kijinga.

Basi siku moja Mhina alikwenda matangani kijiji cha jirani. Akiwa amekaa mkekani, alimsikia mtu aitwaye Sempombe akisema kwamba nusu ya shamba lile ilikuwa ya babu yake, na kwamba ataidai. Hakumwambia Mhina, alikuwa akiongea na wenzake. Mhina naye hakumuuliza. Alikula wali wa watu, akarudi nyumbani na neno lile kifuani. Alipofika alipanda dunguni akamwambia Semkiwa afungue macho, kwani adui si wale wa kilimani tu. Hakumwambia adui mwenyewe ni nani, wala anafananaje.

Toka hapo Semkiwa alianza kupiga pembe kwa kila kitu. Mgeni akipita njiani, pembe. Pikipiki ya mjumbe ikisimama barazani, pembe. Wanaume wakinong'onezana kisimani, pembe. Na pembe haina sauti moja ya nguruwe na sauti nyingine ya maneno ya watu. Mnyamisi kule jikoni alisikia ileile aliyoizoea, akafanya kilekile alichokizoea. Kihenge kilifunguliwa, chungu kikapanda mekoni, asali ikamiminwa.

Watu walitoka na marungu yao, wakatazama huku na huku. Hapakuwa na wa kumfukuza. Utamkimbiza nani, neno la matangani? Wakarudi vibarazani, wakamalizia uji wao wakiwa wamekaa. Hapo ndipo miili ilipoanza kuwa mizito na matumbo kutangulia mbele. Baadaye wakakinai. Mwantumu akibisha hujibiwa kutoka ndani kwamba wameshiba, apeleke kwingine, na kwingine nako wameshiba. Mhina alipoona uji unarudi alimwamuru dada yake abishe kwa nguvu zaidi, tena apite na kurudia. Akapita, akarudia. Alibisha mpaka vidole vikachubuka. Milango iliyokuwa ikifunguka kwa kugongwa kidogo sasa ilitaka kupigwa kama ngoma, na mingine haikufunguka kabisa.

Uji usionywewa haupotei. Ulimwagwa kwenye mtaro uliopeleka maji shambani. Ukaganda kingoni, ukachacha, ukaleta sisimizi na harufu. Maji yakawa mazito, yakawa hayafiki mbali. Vitalu vya mwisho kabisa, kule miguuni mwa shamba, ndivyo vilivyonyauka kwanza, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyekuwa akienda huko.

Majirani walicheka. Walisema watu wa Mhina ni walafi, kutwa wanakunywa asali. Kuna watu hodari sana wa kumcheka mtu aliyenenepa, na baadhi yao nawaona wamekaa humu ndani wakinisikiliza. Mhina aliona haya, akamwagiza mkewe apunguze asali. Mnyamisi akapunguza, na mtaro ukapata nafuu kidogo, siwafichi. Lakini pembe iliendelea kulia, na kila ilipolia kihenge kilifunguliwa.

Kisha asubuhi moja Mwantumu akaanguka. Alikuwa mlangoni pa binamu yake, mkono bado uko juu unabisha. Mhina aliposikia mayowe alitoka nyumbani mbio, kifua wazi, akamwinua dada yake akamlaza kivulini. Midomo ilikuwa imemkauka, naye akiomba maji kwa sauti ambayo Mhina hakuijua. Alimpenda dada huyu kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na sasa aliona wazi kwamba anampoteza. Akiwa bado amemshika kichwa, pembe ikalia. Na Mnyamisi, machozi usoni, akanyanyuka kuelekea kihengeni.

Mhina alipandwa na hasira. Alipanda ngazi ya dungu, akamnyang'anya ndugu yake pembe, akamuuliza ameona nguruwe gani.  Macho ya Semkiwa yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na midomo imepasuka kwa kupuliza. Ndipo Mhina alipoona kwamba kigoda cha ulinzi kilikuwa kimegeuzwa. Hakikuelekea tena kilimani. Kilielekea mlango wa nyumba yake.

"Nimekuona wewe, kaka," Semkiwa akasema. "Umetoka mbio. Hukuniambia adui ni nani, basi mimi nautazama uso wako tu."

Mhina akakaa chini kwenye mbao za dungu. Alikumbuka kwamba muda huo wote hakuna nguruwe hata mmoja aliyeshuka. Hakuna aliyekuja kuchukua hata tuta moja la shamba lake. Mtaro umeoza, watu wamelemewa, dada yuko chini kivulini, na yote hayo yamefanywa na watu wema waliokuwa wakijiandaa kwa vita ambavyo havikuja. Akalia mbele ya mdogo wake. Kisha akamlaza pale pale, akamfunika shuka, akashuka kumwambia mkewe afunge kihenge.

Mwantumu alipopata nguvu ya kukaa, Mhina alikwenda kwa Sempombe kwa miguu, akamuuliza lile neno ambalo alipaswa kumuuliza kule matangani. Walibishana vya kutosha. Sempombe hakuacha madai yake, na shauri lao likafikishwa kwa wazee, ambako lipo mpaka leo. Lakini lilikuwa limepata mahali pa kukaa, na halikukaa tena kifuani mwa mtu. Kigoda kikageuzwa kuelekea kilimani. Kila jioni Mhina aliwatoa watu wake vibarazani wakatembea mpaka mwisho wa shamba, marungu mikononi kama walivyozoea, na wakirudi wanasafisha mtaro. Walinung'unika sana mwanzoni, hasa wajomba. Pembe ilikaa kimya siku nyingi, na milango ikaanza kufunguka kwa kugongwa kidogo, mmoja mmoja, bila haraka. Mwantumu alisimama tena, ila mpaka sasa anatembea na fimbo, na baadhi ya vile vitalu vya mwisho havikuota tena.

Ninyi mnaotoka hapa kwenda kupimwa sukari, nendeni. Atakayewapima anapima uji uliobaki mtaroni mwenu, ndani ya damu. Akisema mpunguze asali, mtiini, na akiwapa dawa mzitumie, maana Mwantumu wa ndani yenu amechoka na anahitaji msaidizi. Ila foleni ni ndefu, na huenda mpimaji asipate nafasi ya kuwauliza habari za dunguni. Kwa hiyo nawauliza mimi: leo asubuhi, pembe yako ya kifuani ilipolia, kulikuwa na nguruwe kweli, au mlinzi wako alikuwa amekuona wewe tu?