Kwa Nini Mwanamke wa Kimono Hugeuza Mgongo Pichani

Hapo kale, kamera haijazaliwa bado, wanawake wa Japani walichorwa wakitazama mbele, uso wote nje, kama mtu anayegombea zamu yake kisimani. Ninyi mmezoea kuwaona wamegeuza mgongo, shingo imepinda, jicho linachungulia juu ya bega. Mnadhani ni madaha. Hayo yote ni ya Okinu.

Okinu alikuwa binti wa mfuma hariri, na moyo wake ulikuwa umenasa kwa Kichizo, kijana wa ng'ambo ya milima mitatu. Alimwona mara moja tu sokoni, wakacheka pamoja, basi, usingizi ukaisha. Baba yake alikuwa amemchagulia mwingine: mgane muuza figili za kuchachua, ambaye harufu yake ilipiga hodi kabla yake mwenyewe.

"Theluji ikiyeyuka bila posa ya Kichizo," baba alisema, "utakwenda kwenye figili."

Mshenga wao, Bi Otora, asiyefunga mdomo hata akitafuna, akashauri kwamba ipelekwe picha ya binti. Akaitwa Sensuke, bingwa wa kuchora bata. Adabu za siku hizo zilimkataza mwanamume kumkodolea mwari macho, kwa hiyo Sensuke alimpa Okinu mgongo, akasimamisha kioo mbele yake, akamchora kutoka humo.

Okinu alikuwa amevaa kimono ya buluu yenye korongo weupe, ameipishanisha kifuani kama wafanyavyo walio hai: upande wa kushoto juu ya ule wa kulia. Ni maiti tu anayevalishwa kinyume. Kioo nacho, mnakijua, hugeuza mambo. Sensuke, aliyezoea bata wasiovaa nguo, hakushtuka. Na Bi Otora, kwa haraka zake, aliikunja picha bila kuikagua, akaituma.

Siku kumi baadaye Kichizo akaja na mama yake, wamebeba ubani, macho yamevimba.

"Poleni, jamani!" mama alimkumbatia Bi Otora. "Mtoto mzuri vile! Kafa na nini?"

"Nani kafa?"

"Si mmetuletea picha yake kavishwa kwenda kaburini!"

Hapo Okinu akatokea jikoni na sinia la chai. Mama alipiga ukelele, akatupa ubani, akatoka mbio pekupeku kwenye theluji, Kichizo nyuma yake. Ni baridi ya miguu iliyowarudisha. Mama akamfinya Okinu shavu. Lilikuwa la moto.

"Uhai upo," alikiri. "Lakini ukoo mzima umeshakulilia, mwanangu, na matanga wameshakula. Nipe picha ya mtu aliye hai niwaonyeshe, la sivyo posa sileti."

Sensuke akarudi na kioo chake. Paani theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, matone yakidondoka.

"Vaa kinyume," alisema Bi Otora, "kioo kitanyoosha."

"Nivae kama maiti nami napumua? Vaa wewe, shangazi!"

"Basi wewe fundi, geuza kwa brashi."

"Mimi huchora nikionacho," Sensuke alijibu. "Nikianza kutunga, kesho nitachora bata mwenye pembe."

Okinu akafikiri. Kinacholeta maneno ni kifua. Basi kifua kisionekane. Akageuka, kioo chote kikajaa fundo la obi, ule mshipi wake mpana wa kiunoni. Lakini Kichizo atajuaje kwamba si mgongo wa Bi Otora? Akapinda shingo, akatazama nyuma juu ya bega.

"Usipumue!" alisema Sensuke.

"Nikiacha kupumua tutarudi kulekule! Chora!"

Picha ilipofika ng'ambo ya milima, wazee waliipitisha mkono kwa mkono. Mama akawakata maneno: "Maiti hageuki kuangalia nani anamtazama." Posa ikaja, na theluji ya mwisho bado iko paani.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa kimono akichorwa hugeuza mgongo na kutuchungulia begani. Kamera ilipokuja, wapiga picha nao wakayafuata yaleyale. Anayesema ni madaha na akae hivyo kutwa nzima, kisha aiulize shingo yake.