Theluji Haipimwi Dirishani

Theluji haipimwi dirishani. Asubuhi hii mmemsikia Mama Tunu akimwambia hivyo Nassoro, aliyekuwa amejifunika blanketi mpaka shingoni na kututangazia kwamba huko nje "si pabaya." Mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi, maana bibi zenu hawakuijua theluji ila ile ya kichwani mwa Kilimanjaro. Ni kweli. Methali hii haikuvuka bahari na mtu yeyote. Ilianzia hapa hapa Edmonton, Jumamosi moja ya mwezi wa pili, na aliyeizaa alikuwa na hasira. Kaeni niwaeleze. Wewe Nassoro kaa karibu zaidi.

Palikuwa na mama mmoja mzaliwa wa Ujiji, jina lake Bi Mwavita, aliyefanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Alikuwa mpole, wa wale ambao ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Mwanzoni mwa Januari mwaka huo mama yake alifariki huko Ujiji. Karatasi za ukaazi za Bi Mwavita zilikuwa bado mezani kwa maofisa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Basi akazikiwa mama yake. Hakutia udongo kaburini, hakushika hata pembe ya sanda.

Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa kimoja tu, arobaini. Alitaka watu wakusanyike, dua isomwe, wale washibe, na jina la mama yake, Bi Andaza binti Kiumbe, litajwe mbele ya watu katika mji ambao hakuna aliyelijua. Kwa ajili hiyo alihesabu siku moja moja, kama mfungwa.

Waswahili wa mji huu walikuwa na chama chao, na shughuli zote zilipangwa na mwenyekiti, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mmoja na wenye magari walikuwa wachache. Mwenyekiti alikuwa Bwana Semhando, mtu wa Lushoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti nzuri, mashati yaliyopigwa pasi, na ugonjwa mmoja tu: hapakuwa na jambo asilolijua. Kwa habari za baridi, ndiyo usiseme.

"Mimi nimezaliwa ndani ya ukungu," alipenda kusema. "Nyinyi watu wa joto ndio mnaotetemeka. Kwetu Lushoto tulikuwa tunakwenda shule pekupeku, na umande unauma kama siafu."

Aliishi ghorofa ya tisa, penye mabomba ya joto na dirisha kubwa kama ukuta. Gari lake lililala gereji chini ya jengo. Buti zake zilimaliza majira matatu ya baridi zikiwa bado na rangi ya dukani.

Sasa, majira yale redio ilikuwa imeaibika. Mara mbili ilitangaza theluji kubwa, watu wakanunua mikate kama wanaojiandaa kwa vita, halafu ikaanguka ya kufanana na unga unaonyunyiziwa kibao cha chapati. Kwa hiyo Alhamisi ile redio iliposema kwamba Jumamosi zitashuka sentimita arobaini, na upepo juu yake, mji mzima ulicheka. Bi Mwavita hakucheka. Alipanda lifti mpaka ghorofa ya tisa.

"Mwenyekiti, naomba tusogeze mbele wiki moja," alisema. "Nimemuuliza Maalim Burhani, amesema haina neno."

"Maalim anaogopa baridi, mzee wa watu. Dada Mwavita, arobaini ni arobaini. Ukiisogeza inakuwa arobaini na saba."

"Na ikishuka kweli?"

"Redio ileile iliyotudanganya mara mbili?" Bwana Semhando alielekeza kidole kwenye kioo. "Tazama mbingu hiyo. Mimi nimezisoma mbingu za baridi kabla hujazaliwa. Kapike, mama."

Naye, kwa ule upole wake, akaenda kupika.

Ilianza Ijumaa jioni na haikupumzika. Jumamosi saa tatu asubuhi Bi Mwavita alijaribu kufungua mlango wake, ukamrudisha ndani. Akapiga simu.

"Naitazama hapa nilipo," alijibu mwenyekiti. "Imetandikwa vizuri kama yale mashuka yenu ya hospitali. Vidole vitatu hivi, havizidi. Usitutie aibu. Nimekwishawapigia watu wote, nimewaambia asiyekuja leo asituite siku atakayofiwa yeye."

Na hapo Bwana Semhando hakusema uongo. Alisema alichokiona. Ukiwa ghorofa ya tisa, theluji ya vidole vitatu na theluji ya kiuno hufanana kama mapacha.

Pilau ya watu sitini ilikuwa tayari. Bi Mwavita aliifunga sufuria kwa blanketi, akaitia kwenye kile kibeseni bapa cha plastiki ambacho watoto wa jirani hutelezea, akafunga kamba kiunoni na kuanza kuburuta. Juu ya mfuniko aliweka mwiko wa mninga, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Mama yake alimpa mwiko ule siku alipoondoka Ujiji.

Kutoka kwake mpaka ukumbini ilikuwa mitaa minane. Mtaa wa kwanza theluji ilimfika magotini, akamwomba Mungu. Mtaa wa pili ilimfika mapajani, akamwomba mama yake radhi. Mtaa wa tatu sufuria ilipinduka, akaiinua. Upepo ulimtia chembe machoni kama mchanga, na kutoka hapo hakuomba tena kitu. Alikuwa akirudia maneno mawili tu kila alipong'oa mguu: vidole vitatu, vidole vitatu. Upole wote wa miaka ile ulibaki nyuma yake, umekwama katika mashimo ya nyayo zake.

Ukumbini alikuta watu watatu. Wawili walikuwa kina mama wanaokaa nyumba ya pili kutoka ukumbini. Wa tatu alikuwa Maalim Burhani, miaka sabini na sita, ameketi miguu ndani ya karai la maji ya vuguvugu, ndevu zinamtiririka.

"Nimeanguka mara tatu, mwanangu," alisema Maalim. "Ningebaki nyumbani, lakini mwenyekiti alisema nisipokuja nisiwaite nikifiwa. Na mimi nimebaki na mke tu."

Sahani sitini zilikuwa zimepangwa mezani. Walingoja mpaka adhuhuri ikapita. Simu zikaanza kuingia: huyu gari limezama barabarani, yule amerudi na watoto wanalia. Mwisho Bi Mwavita akampigia mwenyekiti, aliyekaa mitaa miwili tu kutoka pale.

"Dada, nimeshindwa. Mlango wa gereji umezibwa," alisema Bwana Semhando. "Lakini anzeni tu, niko nanyi kwa moyo. Na hao wasiokuja nitawashughulikia. Hawana utu kabisa."

Bi Mwavita alikata simu. Alichukua mwiko akatoka.

Mwenyekiti alifungua mlango akiwa na kikoi, ndara miguuni na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

"Karibu, dada. Mbona umelowa hivyo?"

"Sikuja kukaa. Shika huu."

"Mwiko? Wa nini?"

"Ukapime."

"Nikapime nini? Mbona hata hapa naiona..."

"Unaona nini?"

"Theluji."

"Kiasi gani?"

Bwana Semhando aligeukia dirisha. Alitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama tena.

"Leo ni arobaini ya aliyenipa mwiko huo," Bi Mwavita alisema. Hakupaza sauti, na mwenyekiti alitamani angepaza. "Chakula chake nimekiburuta mitaa minane. Maalim anakanda miguu kwenye karai. Watu uliowatisha wamezama njiani, na wewe umekaa na chai unahesabu wasio na utu. Shuka, mwenyekiti. Ukapime uniambie ni vidole vingapi."

Walishuka pamoja kwa lifti. Mlango wa chini ulikubali kufunguka nusu. Bwana Semhando alichomeka mwiko, ukazama wote mpaka mpini. Akaingiza kiganja, kisha kiwiko. Akapiga goti na kikoi chake, bega likagusa theluji.

"Vingapi?" aliuliza Bi Mwavita.

"Sijafika chini."

"Endelea."

Aliendelea. Alipotoa mkono ulikuwa mwekundu, na hakuitaja Lushoto.

Alipanda, akavaa koti na zile buti za rangi ya dukani, akaazima sepetu kwa mlinzi wa jengo. Akachimba njia mitaa miwili mpaka ukumbini. Bi Mwavita alitembea nyuma yake na mwiko wake. Hakumsaidia, wala hakumwambia asante. Karibu na alasiri dua ilisomwa na jina la Bi Andaza binti Kiumbe likatajwa, mbele ya watu watano, na sahani hamsini na tano zisizo na mtu. Watu hupenda kusema siku ile Bi Mwavita alimsamehe. Hakumsamehe. Alimpakulia, akamwekea sahani mbele, basi.

Majira yaliyofuata chama kilikutana kupanga siku ya maulidi. Bwana Semhando akasimama na sauti yake nzuri. "Nimechungulia asubuhi," akasema, "na kwa ninavyoona..."

Bi Mwavita alikuwa kwenye kona akimenya vitunguu saumu. Hakuinua hata kichwa.

"Theluji haipimwi dirishani," alisema.

Mwenyekiti akafunga mdomo, akavaa koti, akauchukua ule mwiko wa mninga, ambao tangu arobaini ile Bi Mwavita aliutundika ukutani jikoni mwa ukumbi, akatoka nje kupima. Tangu hapo msemo huo ukawa wetu sote. Hata wakati wa joto utausikia, mtu anapoukadiria mzigo wa mwenziwe akiwa amekaa.

Mama Tunu yuko nje tangu saa mbili anachimba, peke yake. Nassoro, buti zako ziko mlangoni na sepetu imeegemea ukuta. Usinitazame mimi, wala usichungulie hapo. Theluji haipimwi dirishani.