Bi Kindi Aomba Nafasi Kati ya Mistari

Zamani, wanangu, zamani hasa, wanyama walikuwa na majembe na majiko yao kama sisi. Bonde lenye rutuba lilikuwa moja tu, na mwaka huo Mzee Tembo na Bwana Nyati walikaa wawili, wakaligawa wao wawili. Wakasema mwanamke hapewi shamba, kijana hapewi, na mwenye ulemavu ndiyo kabisa.

Sasa mtazameni Bi Kindi. Mjane, mguu mmoja mbovu, anachechemea tiki-taka, tiki-taka, na ana watoto wa kulisha. Bila shamba wangekufa njaa. Akaenda kuomba, wakamcheka. Jirani yake Fuko, kipofu, naye akaomba; Nyati akacheka mpaka akashika mbavu.

Mimi ningelia. Bi Kindi hakulia. Alingoja wapande mahindi yao, akarudi kwa adabu zote.

"Shikamooni, wazee," akasema. "Shamba lenu sitaki. Naomba ile nafasi tupu kati ya mistari ya mahindi. Palizi yote nitafanya mimi."

Tembo, ambaye palizi hakuipenda hata kidogo, akakubali upesi. Ila aliogopa kuibiwa, kwa hiyo akatangaza mbele ya wanyama wote kwamba atakayekanyaga mazao ya mwenzake atapoteza mavuno yake yote. Bi Kindi akashukuru sana, akaenda zake.

Basi wale wakubwa wakaenda kulala. Bi Kindi akapalilia, Fuko akachimba mashimo kwa kupapasa, na watoto wakatia mbegu za maboga. Mvua ikanyesha. Maboga yakatambaa, yakatambaa, yakalifunika bonde zima hata udongo huuoni. Kazi safi, wanangu, mngetamani kuitazama.

Mahindi yakakomaa na kukauka. Mawingu mazito yakaanza kujikusanya, na mahindi makavu yakinyeshewa yanaoza. Tembo akaja na matenga yake, tii, tii, tii, Nyati nyuma. Akainua mguu.

"Mzee, hapo ni kwangu," akasema Bi Kindi taratibu.

Akaupeleka mguu kushoto.

"Hapo pia."

Tembo akabaki na mguu hewani. Akanyoosha mkonga, akaambulia mahindi ya ukingoni tu. Nyati akataka kuruka, akazitazama kwato zake, akarudi nyuma. Majirani wote walikuwa wamesimama wanatazama.

"Sasa tufanye nini, mama?" akauliza Tembo. Sauti ilikuwa imepungua.

"Watoto wangu wana miguu midogo, watapita bila kukanyaga kitu. Tutawavunia. Lakini msimu ujao bonde ligawiwe kwa kila anayelima, awe mwanamke, awe kijana, awe kipofu. Na siku ya kugawa, sisi tuwepo pale pale tukisema."

Ngurumo ikapiga, ng'ruu! Tembo akaapa mbele ya wote, na Nyati akaapa.

Watoto wakaingia, chwi, chwi, chwi, wakavuna kabla tone halijaanguka. Ghala la wakubwa likajaa, na nyumbani kwa Bi Kindi maboga yakachemka, watoto wakala mpaka wakasinzia na vijiko mkononi. Mama yule nampenda, siwafichi.

Nanyi mkikua mkakaa kugawa mashamba, msimwache mtu nje eti ni mwanamke, ni mdogo au ana ulemavu, maana chakula chenu kiko mikononi mwake.