Fungu la Maji

"Alika maji kabla ya wageni." Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana kwenye kikao cha harusi, pale mlipotaka kulipia muziki na mapambo wakati hata ukumbi wenyewe hamjaupata. Mama mmoja akayasema, wazee wakacheka, ninyi mkabaki kutazamana. Mmeuliza yametoka wapi, na mmefanya vizuri kuuliza, kwa sababu methali ambayo mtu hajui ilikozaliwa huitumia ovyo, kama nyundo ya kuazima. Methali hii ilianza hivi, huku huku mlimani, nyumbani kwa Mzee Anaeli Makundi.

Mzee Makundi alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu. Alipostaafu alirudi kwenye kihamba cha baba yake, yaani lile shamba la migomba na kahawa ambalo mtu hulirithi pamoja na makaburi yaliyomo, akajenga nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma. Kwa kuwa kihamba kiko kwenye mteremko, nyumba ile kwa nyuma iliegemea mlima, na kwa mbele ikasimama juu ya nguzo ndefu. Chini yake pakabaki uwazi mkubwa. Mbuzi walilala humo, na kuni zikawekwa humo.

Hakuwa na shida ya chakula wala ya malazi. Shida yake ilikuwa Krismasi. Watoto wake walikuwa wakipanda kutoka Dar es Salaam kila mwaka, kama ilivyo desturi yetu. Wakishachinjiwa mbuzi, wakanywa kisusio, ile supu ya mbuzi na damu yake, wakala nyama, jua likianza kushuka utasikia funguo za gari zinalia. Wanakwenda baa ya njia panda, kwenye televisheni kubwa na muziki. Mzee anabaki na mkewe, Ndeonasia, na rundo la sahani.

"Mama Elinami," alisema mwaka mmoja, "hawa hawaji nyumbani. Wanakuja hotelini, na mimi na wewe ndio wahudumu."

Siku hiyo aliachwa mezani akiwa katikati ya hadithi ya jinsi basi lake lilivyokwama kwenye tope la Kondoa. Hakuna aliyeuliza basi lilitokaje. Hilo lilimuuma kuliko jambo lolote. Akaapa kwamba Krismasi inayofuata watoto wake hawatakuwa na sababu ya kuondoka. Ule uwazi wa chini atauchimba uingie zaidi mlimani, aujengee kuta, aufanye chumba cha burudani kiasi kwamba hata watu wa baa watakuja kuchungulia.

Alipanga kazi yake kwa maharage. Alimimina kopo zima mezani, kila punje ikisimama badala ya sehemu ya kiinua mgongo chake na fedha za kahawa, akaanza kuyagawa kwa kidole.

"Fungu hili ni la kuchimba na kujenga kuta. Hili la dari. Hili la zulia, kutoka ukuta hadi ukuta. Hili la makochi. Na hili," akasukuma kilima kizima cha maharage, "la televisheni na spika."

Ndeonasia alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua kichwa. "Na fungu la maji liko wapi?"

"Maji ya nini? Watakunywa soda."

"Sisemi ya kunywa. Nasema ya mfereji. Wenye mfereji wanataka kuufufua."

"Wanataka kuufufua tangu mafuriko yalipobomoa banio. Wamefufua nini mpaka leo? Mama Elinami, mimi nimeendesha basi maisha yangu yote, na sijawahi kutoka stendi bila tairi la akiba."

"Ndilo ninalolitafuta hapo mezani. Silioni."

Mzee akacheka, akakomba maharage kwa kiganja, akayarudisha kwenye kopo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mfereji wenyewe ulipita nyuma ya nyumba, juu kidogo. Mababu ndio waliouchimba, kuchepusha maji ya mto kule msituni na kuyaleta kwenye vihamba. Mzee Makundi aliogelea humo utotoni. Lakini wakati anajenga nyumba ulikuwa umekauka kwa miaka mingi, yeye ana bomba jikoni, na ule mfereji akauona ni mahali pa kutupa mabua. Ndiyo maana fundi alipochimba kuelekea mlimani na udongo ukatoka mkavu kama unga, Mzee alifurahi tu. Hakukumbuka kwamba kila jembe lilikuwa linamsogeza karibu na njia ya mtu ambaye yuko safarini, na siku moja atarudi.

Mwaka ule ule watu walikubaliana. Wakatengeneza banio, lile boma la mawe linalogeuza maji mtoni, wakasafisha mfereji wote kutoka msituni. Kwa desturi, asiyekuja na jembe huja na pombe, na Ndeonasia alipeleka mbege kwa niaba ya mumewe ambaye alikuwa akisimamia upakaji wa rangi. Lakini siku ya kufungua maji ina sheria nyingine, nayo haina mbadala wa pombe. Kwenye mpaka wa kila kihamba huachwa kizuizi cha udongo, na hakuna anayeruhusiwa kukivunja ila mwenye kihamba mwenyewe, kwa jembe lake. Wazee walisema maji hayaingii kwa mtu kama mwizi. Hukaribishwa.

Siku hiyo iliangukia wiki mbili kabla ya Krismasi, na ndiyo siku ambayo Mzee Makundi alikuwa akingoja gari la mizigo kutoka Moshi. Chumba kilikuwa kimekwisha. Kuta zilikuwa na rangi ya maziwa, dari lina taa ndogo ndogo kama nyota. Bado zulia, makochi, televisheni na spika tu. Vyote alikwisha kuvilipia, na mwenye duka alimwambia waziwazi kwamba kitu kikishashushwa kwenye gari hakirudi dukani. Kwa hesabu ya maharage, kopo lilikuwa tupu.

Umati ukateremka na maji, ukafika mpakani. Mbele alikuwa Mzee Ngowi, msimamizi wa mfereji, ambaye walichunga mbuzi pamoja utotoni.

"Dereva!" aliita. "Abiria amefika. Fungua mlango!"

Mzee Makundi alitoka akiwa amevaa suruali safi. "Mangi Ngowi, niacheni hadi sikukuu ipite. Leo nina mzigo unapanda. Sitaki matope kwenye njia."

"Na migomba ya watu wa chini isubiri zulia lako?"

Watu wakacheka. "Zulia lenyewe linanyweshwa mara ngapi kwa wiki?" akauliza mmoja, wakacheka zaidi. Mzee akaona uso wake unapata moto. Akasema kihamba ni chake na jembe ni lake, na leo halitoki ndani.

Hapo ndipo Ndeonasia alipofika na kibuyu cha mbege. Akakiweka chini taratibu, akamtazama mumewe.

"Baba Elinami, wageni wako wako wapi?"

"Wako Dar. Unajua."

"Hata magari yao hayajatiwa mafuta. Huyu ametembea kutoka msituni, na amesimama hapa mpakani. Mgeni aliyefika utamwambia akae nje awasubiri wale ambao hawajaondoka? Tangu lini nyumba hii imekuwa hivyo?"

Hakuna neno ambalo lingemshika Mzee Makundi kama hilo. Mtu aliweza kumwambia ni mchoyo wa fedha akanyamaza, lakini si mchoyo wa kukaribisha. Akaingia ndani, akatoka na jembe. Alilitia kwenye kile kizuizi kwa hasira, si kwa ukarimu, udongo ukamrukia hadi kwenye ile suruali. Maji yakasita kidogo, yakaunusa mlango, kisha yakapita. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbege ikazunguka, na watu wakaendelea kukaa pale uani mpaka kivuli cha nyumba kikageukia upande wa pili.

Gari la mizigo likafika. Mzee akatangulia kwenda chini na ufunguo, dereva akimfuata na boksi la televisheni begani. Akafungua mlango. Akapiga hatua moja ndani, na kiatu chake kikalia chubwi.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota madoa meusi kama ramani. Pale ukuta unapokutana na sakafu, maji yalikuwa yakichuruzika kimya kimya, bila haraka, kama mtu anayejua njia. Sakafu nzima iling'aa, na taa za dari zilionekana humo.

"Mzee, hii naiweka wapi?" aliuliza dereva kwa nyuma, maana hakuona kitu kwa ajili ya lile boksi.

"Rudisha!"

"Nirudishe wapi?"

"Garini! Usishushe kitu! Zulia usiliguse, spika usiziguse, hata kamba usifungue!"

"Lakini mzee, umelipia..."

"Nimelipia, ndiyo maana nakwambia rudisha!"

Dereva akageuka, akapanda ngazi na mzigo wake, akinung'unika kwamba wazee wa mlimani wana mambo. Mzee Makundi akakaa kwenye ngazi ya mwisho, miguu ndani ya maji, mabega yakaanza kutikisika. Ndeonasia aliyekuja mbio alidhani analia. Alipoinama akaona anacheka.

"Mama Elinami, nimepona," akasema. "Yangekuja baada ya Krismasi kama nilivyotaka, yangekuta kiinua mgongo changu chote kimetandikwa sakafuni. Nimepona, mama."

Mzee Ngowi akachungulia mlangoni na kibuyu mkononi. "Loo! Mgeni amefika mpaka sebuleni. Hata kiti hakusubiri kuonyeshwa."

Kisha Ngowi akaacha mzaha. Akawaita watu, maana majembe yalikuwa bado mikononi, wakayapitisha maji pembeni kwa muda. Jioni ile maharage yalimiminwa tena mezani, na safari hii aliyegawa ni Ndeonasia. Alikata kile kilima cha televisheni katikati, akafuta kabisa fungu la zulia, akaunda fungu jipya mbele ya yote. Mzee hakubisha. Mwenye duka, kwa kuwa hakuna boksi lililoshushwa, alikubali kurudishiwa zulia na televisheni ile kubwa, akatoa ndogo zaidi na fedha iliyobaki.

Fungu la maji likanunua saruji na mawe. Kipande cha mfereji kinachopita nyuma ya nyumba kikajengewa kisivuje, na chini yake, nyuma ya ule ukuta, pakachimbwa mtaro wa kokoto wa kutoa unyevu hadi kwenye migomba. Halafu maji yakafunguliwa tena, na Mzee Makundi mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye kigoda ndani ya chumba kitupu, akitazama ukuta kama mtu anayengoja simu ya hospitali. Ukuta ulibaki mkavu. Ndipo aliporuhusu makochi yaingie.

Krismasi watoto wakaja. Mbuzi akachinjwa, kisusio kikanywewa. Jua lilipoanza kushuka, Elinami, kifungua mimba wake, akasimama, funguo zikalia mkononi. Mzee akatazama sahani yake.

"Baba," akasema Elinami, "huko chini kuna taa. Umewahamishia wapi mbuzi?"

Wakashuka wote. Sakafuni palikuwa na mikeka ya kawaida, televisheni ilikuwa ya kiasi, lakini spika zilikuwa nzuri na makochi yalitosha watu wote. Wakatazama mpira, wakacheza muziki, mama yao akacheza nao. Funguo zilisahaulika mezani juu. Usiku ulipotulia, binti mdogo akanyoosha mkono, akapunguza sauti.

"Ngojeni kwanza. Mwaka jana baba hakumaliza. Baba, lile basi lilitokaje kwenye tope la Kondoa?"

Nyuma ya ukuta maji yalikuwa yakisikika kwa mbali, yakipita kwenye njia yake. Mzee Makundi akakohoa kidogo, akarekebisha kofia yake.

"Basi litatoka," akasema. "Ila kwanza niwaambieni ni mgeni gani aliyeingia kwenye chumba hiki kabla yenu."

Hadithi hiyo ikawa methali, na watoto wale ndio walioibeba hadi Dar na kwingineko. Mtu akitaka kufungua duka, kuoa au kununua gari, wenzake humuuliza kama kile kitakachomharibia amekwisha kukipitisha mlangoni wakati bado chumba ni kitupu na hasara ni ndogo. Hawasemi maneno mengi kama yangu. Husema tu kama yule mama jana: alika maji kabla ya wageni.